Bei Ishuke Kabla ya Saa Tisa

Benchi lile lilikuwa la mbao tatu, moja imelegea, na lilikaa kati ya duka la kinyozi na gereji, likitazama barabara, na ng'ambo ya barabara kituo cha mafuta chenye ubao mrefu wa bei. Pembeni yake teksi zilipanga foleni, na foleni hiyo ilikuwa na sheria moja: hakuna kuwasha injini ili kusogea. Gari la mbele likipata abiria, waliopo benchini huweka vikombe chini, huyasukuma magari yaliyobaki nafasi moja mbele kwa mabega yao, kisha hurudi kuketi na kulidaka neno palepale lilipoangukia. Gari la tatu asubuhi hiyo lilikuwa la Taratibu. Jina hilo alipewa na abiria. Kila mteremko wa mji ule aliujua kama mfuko wa suruali yake. Akifika juu huzima injini na kuliacha gari liteleze lenyewe mpaka chini, kimya, huku abiria wakishika viti na kuwataja mama zao. Alikuwa mtu wa maneno machache na kahawa nyingi, lakini leo kikombe cha kwanza kilikuwa kimepoa mkononi mwake.

— Leo saa tisa shemeji anakuja kuchukua gari, akasema.

Kulia kwake alikaa kinyozi, kitana kimechomekwa juu ya sikio. Walimwita Spika, kwa sababu hapo kijiweni hakuna aliyesema bila yeye kumpa nafasi, na hakuna aliyepewa nafasi.

— Anaazima?

— Ananunua.

Mama Vikombe, muuza kahawa, akabaki na birika hewani.

— Ananunua ile gari? akauliza Grisi, fundi wa gereji, mtu ambaye hakuna aliyewahi kuijua rangi ya mikono yake. Ile niliyobadilisha kila kitu isipokuwa honi?

— Hiyohiyo. Mama watoto amechoka. Amesema kwetu gari ndiyo kifungua mimba: inakula ya kwanza, inakula peke yake, na shule haiendi.

— Hapo wifi kasema kweli, akasema Mama Vikombe, akamimina.

— Sasa huyo shemeji ana kisima cha petroli uani kwake? Grisi akauliza.

— Hatainywesha. Anatoa injini, anafugia kuku.

Kila mtu akaiona picha.

— Kuku watakaa viti vya nyuma? akauliza Grisi.

— Nadhani.

— Na mbele?

— Mbele jogoo, akasema Mama Vikombe.

Taratibu hakucheka. Gari hilo lilimpeleka mkewe kujifungua mara mbili, na mara ya pili liliteremka mlima wote wa hospitali injini ikiwa imezimwa, na ndani hakusikika kitu ila pumzi ya mkewe na upepo kwenye kioo cha nyuma kisichofunga vizuri. Watu hukumbuka siku kama hizo kwa kelele. Yeye aliikumbuka kwa ule ukimya.

— Tumepatana hivi, akaendelea. Leo ndiyo siku ya bei mpya. Ikishuka, siuzi. Ikipanda, au ikikaa ilipo, ufunguo nautoa.

— Na mama watoto akakubali?

— Haraka mno. Hata cherehani hakuisimamisha. Anataka kwa pesa ya gari anunue cherehani ya pili.

Spika akachukua kitana, akakitazama, akakirudisha sikioni. Ndivyo alivyokuwa akifungua kikao.

— Basi adui si shemeji. Adui ni bei. Sasa hivi ni saa mbili na nusu. Bei ishuke kabla ya saa tisa.

Hakuna aliyecheka. Grisi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuna pancha ya kuzibwa kabla ya mchana.

— Kwanza mjue hili, akasema Spika. Ukilipia lita moja, sehemu kubwa si mafuta. Humo mna ushuru, mna tozo, mna meli, mna bima ya meli, mna ghala, mna lori, mna faida ya mkubwa na faida ya mdogo.

— Basi watuuzie mafuta peke yake, akasema Grisi. Hivyo vingine wabaki navyo.

— Serikali ipunguze tozo, akasema Taratibu. Nilisikia redioni kuna mahali walipunguza.

— Ikipunguza, barabara zitatengenezwa na nini?

— Barabara ipi?

Wote wakaitazama barabara. Katikati palikuwa na shimo. Lori liliingiza tairi humo, likainama, likatoka, likaendelea na safari yake kwa unyenyekevu.

— Hoja imepita, akasema Spika.

— Mimi nisichoelewa ni hiki, akasema Taratibu. Vita vikianza huko mbali asubuhi, hapa bei inapanda mchana, na mafuta yaliyomo kwenye tangi pale ni ya wiki iliyopita. Vita vikiisha, tunaambiwa subirini, haya yaliyopo yalinunuliwa kwa bei ya vita.

— Kumbe bei ya kupanda huja kwa ndege, ya kushuka huja kwa miguu, akasema Grisi.

— Na wewe Mama Vikombe, kahawa uliipandisha kwa nini?

— Lori linaloleta kahawa linakunywa petroli.

— Petroli ikishuka, utashusha?

— Ikishuka nitakuwa bado nina kahawa ya bei ya zamani.

Wakamtazama. Akawajazia vikombe bila kuulizwa.

Gari la mbele likapata abiria. Wakainuka, wakasukuma, wakarudi. Mbao iliyolegea ikalia, na Grisi, akihema bado, akaomba nafasi. Hakupewa, akaichukua.

— Tatizo ni joto.

— Joto la nani?

— Joto la jua. Kitu chochote kikipata joto hupanda. Maziwa yakipata joto hupanda. Unga wa mkate ukipata joto hupanda. Petroli imekaa chini ya lami, jua linapiga kutwa, itaacha kupanda? Mimi nasema pale kituoni wamwage barafu. Bei itanywea yenyewe.

— Petroli ndiyo itanywea, akasema Taratibu. Bei imeandikwa kwenye ubao.

— Basi barafu iwekwe kwenye ubao.

Spika alilipima jambo hilo kwa muda ambao halikustahili.

— Barafu inatengenezwa na jenereta, akasema mwishowe. Jenereta inakunywa nini? Unaona? Umemtuma fisi akachunge mbuzi. Ndugu zangu, mzizi ni safari. Mtu anaishi huku, anafanya kazi kule. Asubuhi mji mzima unapishana kama siafu. Dawa ni moja: kila mtu afanye kazi iliyo karibu na nyumbani kwake. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

— Hata kama kazi hajaisomea?

— Atazoea.

— Mpangaji mwenzangu ni daktari wa upasuaji, akasema Mama Vikombe. Tumepakana na bucha.

— Akauze nyama.

— Na mwenye bucha anakaa nyuma ya hospitali.

Taratibu alimwona Spika akitafuta njia ya kurudi, akaona pia kwamba hatarudi.

— Kisu ni kisu, akasema Spika.

— Na teksi itambeba nani, kama kila mtu anakwenda kazini kwa ndala?

— Haitambeba mtu. Ndiyo uzuri wake.

— Spika, mimi ni dereva wa teksi.

— Ndugu yangu, usiangalie tumbo lako peke yako. Tunazungumzia wananchi.

Hapo gari lililokuwa mbele likaondoka, na la Taratibu likafika kichwani mwa foleni. Alilisukuma mwenyewe kwa bega, wengine wakisaidia nyuma, na akakaa upande wa benchi ulio karibu na barabara. Safari moja ndefu tu, alijiambia. Jioni akifika nyumbani na nauli nzuri mkononi, labda hata ubao ukimsaliti atakuwa na la kusema.

Kabla kahawa haijafika nusu, dada mmoja alikuja akiburuta sanduku lenye gurudumu moja.

— Samahani, mpaka stendi ya mabasi ni kiasi gani?

Taratibu akafungua mdomo.

— Dada yangu, swali zuri, akasema Spika. Ila kabla ya kuuliza ni kiasi gani, tujiulize kiasi chenyewe kinatoka wapi. Katika kila lita moja...

— Spika, akasema Taratibu.

— ...sehemu kubwa si mafuta. Humo mna ushuru...

Alipofika kwenye bima ya meli, dada alikuwa ameshavuka barabara, ameinua sanduku kichwani, anaelekea kusimamisha basi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Spika, akimsindikiza kwa macho.

— Hapo nani kapona?

— Yeye. Ameondoka na elimu.

Taratibu alitazama kikombe chake. Aliwapenda watu hawa. Alijua hivyo kwa sababu angekuwa hawapendi, saa hiyo angekuwa stendi ya mabasi.

Jua likapanda. Kumbe Grisi alikuwa anajenga hoja.

— Nimepata, akasema. Taratibu, wewe ukiwa mteremkoni unatumia petroli kiasi gani?

— Situmii.

— Basi mji mzima uwe mteremko. Nyumba zote juu, kazi zote chini. Asubuhi watu wanateleza tu, shwaa, mpaka ofisini.

— Na jioni?

— Jioni tunageuza.

— Tunageuza nini?

— Mji.

Mama Vikombe akaomba arudie. Akarudia. Akasema basi, kumbe alikuwa amesikia vizuri.

— Hilo ni la mwaka wa fedha ujao, akasema Spika. Sisi tuna mpaka saa tisa. Sikilizeni. Mmewahi kuona mtoto anayedeka? Akianguka akaona unamtazama, analia. Usipomtazama, anajipangusa anaendelea kucheza. Bei ni hivyo hivyo. Kutwa tumekaa hapa tumeikodolea macho. Itaacha kudeka? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta uko tayari pale nyuma. Tuugeukie.

Mtu wa kwanza kuinuka alikuwa Taratibu. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Labda kwa sababu, kati ya yote yaliyosemwa tangu asubuhi, hilo ndilo pekee lililowezekana kufanywa na watu wanne. Walilishika benchi ncha mbili, wakaligeuza, wakakaa tena, nyuso zao kwenye ukuta wa gereji, hatua moja kutoka pua zao. Mama Vikombe alihamisha jiko na vikombe. Ukuta ulikuwa na bango la zamani la mchezo wa masumbwi, na mabondia wote wawili walikuwa wamefutika isipokuwa glavu.

Wakanywa. Wapita njia waliwasalimu migongo, nao wakaitikia.

— Mimi kusema kweli naombea ipande, akasema Mama Vikombe baada ya muda. Ikipanda mnakunywa vikombe vitatu vitatu.

— Mama, hayo ya moyoni yabaki moyoni.

Halafu, nyuma yao, wakasikia chuma kikigonga chuma. Walikijua kishindo hicho. Ilikuwa ngazi ya kituo cha mafuta ikiegemezwa kwenye ubao.

— Asigeuke mtu, akasema Spika kwa sauti ya chini. Mpanda ngazi hushuka.

— Anayepanda ngazi ni mhudumu, akanong'ona Grisi, na kila mwezi hushuka salama. Bei ndiyo hubaki juu.

Taratibu hakugeuka. Lakini gari lake lilikuwa palepale kando, na kioo chake cha pembeni kilikuwa kimeelekea barabarani. Humo aliiona ngazi, akauona mgongo wa mhudumu, akaona namba zikitolewa mojamoja na nyingine zikiwekwa, zote zimegeuzwa na kioo kama maandishi ya mtoto anayeanza shule. Alizisoma kwa midomo, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Akazisoma tena.

— Imeshuka, akasema.

— Nani kakwambia?

— Imeshuka, nasema!

Wakageuka wote kwa pamoja, benchi likalala chali, kahawa ikamwagika. Na kweli ilikuwa imeshuka. Ilikuwa imeshuka kwa ile sarafu ndogo, ambayo ikikuponyoka njiani huinami kuiokota, lakini kushuka ni kushuka. Spika alimpa kila mtu mkono, kisha akavuka mpaka katikati ya barabara, akausimamia ubao mikono kiunoni, kama mtu anayekagua nyumba aliyoijenga.

— Mmeona? Kutazamwa tu ndiko kulikokuwa kunaiharibu.

Saa tisa shemeji akafika, akawakuta wameliinua benchi na kuketi tena mbele ya ukuta. Alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi, kamba ya kuvutia gari begani na bahasha mfuko wa kifuani.

— Hamjambo hapa.

— Hatujambo, shemeji! wakaitikia wote, maana shemeji wa mmoja ni shemeji wa kijiwe.

— Mbona mmekaa mkitazama ukuta?

— Shemeji, akasema Spika, kamba rudi nayo. Bei imeshuka. Mapatano ni mapatano.

Shemeji akautazama ubao. Akausogelea kidogo, akautazama tena.

— Ni kweli, imeshuka. Basi sichukui. Nitampelekea dada yangu salamu.

Akageuka aende. Hakuwa mtu wa ubishi, na Taratibu alihisi mwili wake wote ukilegea kama kamba iliyofunguliwa. Ila baada ya hatua chache shemeji akasimama.

— Nyie mnampenda sana huyu.

— Sana! akasema Grisi.

— Na gari lake.

— Gari la kijiwe hilo, shemeji! Likiuzwa hilo, tumeuzwa sisi.

— Nauliza tu, maana mimi si mtu wa hapa. Kati yenu, nani ameshawahi kulipa nauli?

Spika akakitoa kitana sikioni, akaanza kuyahesabu meno yake.

— Mimi huwa ninamtengenezea, akasema Grisi.

— Na huwa anakulipa, akasema Mama Vikombe. Kisha akajisikia amesema, akainamisha kichwa. Na mimi kahawa huwa ananilipa, akaongeza.

Taratibu alihisi uso ukimwaka, kana kwamba ni yeye aliyekamatwa. Alizikumbuka safari zote bila kutaka: Spika na mazishi ya baba yake mkubwa, kwenda na kurudi, Grisi na vipuri vyake, kila baada ya siku chache, upande wa pili wa mji, magunia ya Mama Vikombe kila Jumapili. Abiria hukaa nyuma, rafiki hukaa mbele, kiwiko nje ya dirisha, akizungumzia bei ya petroli. Hakuwahi kuwadai. Wazo lenyewe halikuwahi kumjia.

Grisi akainuka.

— Hapana. Hii aibu hatulali nayo. Twende, leo tunalipa.

— Tunalipa! akasema Spika.

Wakaingia nyuma, wote watatu, wakibanana, Mama Vikombe katikati na birika mapajani. Haijawahi kutokea. Taratibu akaketi mbele ya usukani, na kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, kipana, kama uwanja. Akawasha. Gari likawaka kwa jaribio la kwanza, jambo ambalo nalo si la kila siku. Akageuza shingo, akawauliza kama anavyomuuliza mtu yeyote:

— Wapi?

Wakatazamana. Ndipo ilipobainika kwamba hawakuwa na mahali pa kwenda.

— Popote, akasema Spika. Tuzungushe mjini, uturudishe.

— Popote ni kiasi gani? akauliza Grisi.

Taratibu akataja nauli. Hakuongeza, hakupunguza. Ilikuwa nauli ya mtu asiyejulikana.

— Eeh! akasema Spika. Kiasi hicho chote?

— Petroli, akasema Taratibu.

— Petroli si imeshuka? Na wewe shusha.

— Halafu tuko watatu, akasema Grisi. Ungetubeba mmojammoja ungetumia mara tatu. Hapo tumekuokolea.

— Mimi kiti sijakijaza, akasema Mama Vikombe. Nimekaa kwenye ufa.

— Na kwenye mteremko huwa unazima, akasema Spika, akinyoosha kidole kati ya viti. Sote tunajua. Kwa hiyo mteremko tuukate kwenye nauli. Tulipie vilima tu.

— Vilima vyenyewe ni viwili.

— Vitatu, akasema Grisi.

— Kile cha sokoni ni kilima kile?

Taratibu akawasikiliza. Alitegemea kukasirika, akaingoja hasira, haikuja. Kilichokuja ni wepesi fulani, ule wa gari linapovuka kilele cha kilima na kuanza kwenda lenyewe. Akazima injini. Nyuma yake hakuna aliyegundua. Akashuka, akafunga mlango kwa mikono miwili ili usigonge, akamfuata shemeji pale alipokuwa amesimama na kamba yake, akamwekea ufunguo kiganjani.

— Kioo cha nyuma kushoto hakipandi mpaka mwisho, akasema. Usihangaike nacho. Kuku watapata hewa.

— Una hakika, shemeji?

— Nina hakika.

Shemeji akaitoa bahasha, akampa. Kisha akaliendea gari, akainama dirishani, akawaona watu watatu wamekaa wamebanana, wanabishana kama kile cha sokoni ni kilima au ni mwinuko wa kawaida.

— Na hawa je?

Taratibu alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea nyumbani.

— Hao ni nyongeza, akasema.